Mwachie Dada wa Pili Asimulie

Ukitaka kuandika upya hadithi ya kale kwa kumbadilisha mhusika mkuu, usikimbilie yule mbaya. Najua ndiye anayevutia. Lakini mbwa mwitu "aliyesingiziwa" nimekutana naye mara nyingi mno, na kwa kawaida hugeuka wakili wa nafsi yake: anajitetea weee, na hadithi haiendi popote. Mimi humtafuta mtu aliyekuwepo, akaumia, halafu msimulizi akampita.

Chukua Cinderella, ile hadithi ya binti anayeteswa na mama wa kambo, ambapo mwana wa mfalme anamsaka mchumba kwa kiatu kilichodondoka: kitakayemtosha ndiye atakayeolewa. Kwa Charles Perrault, mwandishi Mfaransa, mwaka 1697, kiatu ni cha kioo, na mwishoni binti anawasamehe dada zake wa kambo na kuwatafutia waume wa ikulu. Ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya hadithi za kale, katika toleo lao la 1857, hawana mchezo. Kiatu kinamkataa dada mkubwa. Mama anampa kisu: kata kidole, ukishakuwa malkia hutahitaji kutembea kwa miguu. Anakata, anapandishwa farasi, na mwana wa mfalme hashtuki mpaka njiwa wanapoimba kwamba kiatuni mna damu. Anamrudisha nyumbani. Sasa ni zamu ya mdogo, naye kinachogoma ni kisigino. Kisu kile kile.

Huyo mdogo ndiye ningempa kalamu. Dada yake karudishwa, hila imeshagundulika, na bado anakata! Kwa nini? Grimm hawasemi neno. Anamwogopa mama? Anamtaka mwana wa mfalme kweli, au amechoka tu kuwa wa pili? Jibu utakalochagua ndilo litakuwa hadithi yako.

Ukishampata mtu wako, matukio yaache yalivyo. Kisu kibaki, damu ibaki, njiwa waimbe pale pale. Kinachobadilika ni kile anachokijua, na hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Dada huyu hajui kwamba ndege wa kwenye mti ulioota juu ya kaburi la mama yake Cinderella ndiye aliyemwangushia gauni na viatu. Kwake yeye, njiwa wale ni ndege wambea tu. Ukimfanya ajue kila tunachokijua sisi wasomaji, umemuua.

Amua pia anasimulia akiwa wapi. Siku ya harusi njiwa wanawadonoa macho dada wote wawili. Basi kama anasimulia baada ya hapo, kila rangi anayoitaja anaitoa kwenye kumbukumbu, na yanayofuata harusi atayajua kwa masikio na mikono. Sharti hilo moja litakuandikia nusu ya sentensi zako.

Lugha isikusumbue sana. "Hapo zamani za kale" unaweza kuiacha au kuibakiza, vyovyote.

Na akitokea wa kukulaumu kwamba unachezea urithi, mkumbushe Hansel na Gretel, hadithi nyingine ya Grimm. Mwaka 1812 aliyetaka watoto watelekezwe msituni alikuwa mama yao mzazi. Matoleo ya baadaye ya ndugu hao hao yakamfanya mama wa kambo.