Jimbo la California lina wabunge 52?

Swali: Nimesoma kwamba jimbo la California, Marekani, lina wabunge 52. Huku Tanzania jimbo moja lina mbunge mmoja. Mwandishi amekosea?

Jibu: Hajakosea, ila amekuacha njia panda. Ukisema jimbo la Ubungo, Mtanzania anaelewa eneo linalomchagua mbunge mmoja. Lakini jimbo pia ni sehemu ya nchi yenye utawala wake. Maana hii ya pili ndiyo ile Wakenya waliyoibishania sana kwenye siasa za majimbo mwaka 1963. California ni jimbo la namna hiyo: ina gavana, katiba, mahakama na bunge lake yenyewe.

Shida huja maana zote mbili zinapokutana katika sentensi moja. Mtu anaandika "ameshinda jimbo la 12 la California", na msomaji anadhani ndani ya California kuna majimbo mengine. Hapo mimi huazima neno la Wakenya: eneo bunge. California ni jimbo. Ndani yake mna maeneo bunge 52, kila moja na mbunge wake katika bunge la nchi nzima, si lile la California. Wapo wanaosema "wilaya ya uchaguzi". Silikatai, ila neno wilaya humpeleka Mtanzania moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya.

Idadi hiyo hufuata wingi wa watu na hupangwa upya kila baada ya sensa. Kabla ya sensa ya 2020 California ilikuwa na wabunge 53. Wyoming, yenye watu wachache, ina mmoja tu. Kule jimbo zima ndilo eneo bunge, na tofauti ninayoisisitiza haionekani kabisa. Seneta yeye huchaguliwa na jimbo zima, wawili kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Kwa hiyo andika "seneta wa California" bila kutaja eneo bunge lolote.

Jambo moja zaidi, kwa ajili ya wasomaji wa Zanzibar. Hao 52 wanakaa katika Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435. Unguja na Pemba jina hilo lina mwenyewe, yaani chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar, tena kinachosikika redioni kila kikao. Unapolitaja mara ya kwanza, usione uvivu kuongeza "la Marekani".