Namna ya kujaribu maktaba ya C inayoita fankisheni za nje

Umeeleza kwamba maktaba yako ya C huita fankisheni ambazo aina za vigezo vyake hujulikana pale tu programu inapoendeshwa, kwamba majaribio yako yote yanafaulu, na kwamba hata hivyo watumiaji wanaripoti namba za ajabu. Karibu majaribio yote uliyoyaweka yanajumlisha namba mbili kamili kisha kuikagua jumla, na hapo kazi ngumu ya maktaba haijaguswa. Nimetunza kwa muda mrefu safu ya namna hiyo iliyojengwa juu ya libffi, maktaba ya C ya kuita fankisheni za aina hiyo, na kwa maoni yangu hauhitaji majaribio mengi zaidi bali thamani zilizochaguliwa vizuri zaidi.

Anza na mipaka ya rejista, yaani nafasi chache za kuwekea thamani ndani ya prosesa. Kwenye Linux yenye prosesa ya x86 ya biti 64, vigezo sita vya kwanza vya namba kamili au vielekezi hupita katika rejista za kawaida, vinane vya kwanza vya desimali hupita katika rejista za xmm, na vinavyobaki huwekwa kwenye staki, sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na miito ya fankisheni. Kwa hiyo fankisheni ya vigezo viwili haitaigusa staki kamwe. Andika fankisheni yenye namba kamili saba, nyingine yenye desimali tisa, na nyingine inayochanganya aina zote mbili hadi kila kundi limalize rejista zake mahali tofauti. Windows ina nafasi nne tu, nazo huhesabiwa kwa pamoja bila kujali aina, hivyo kigezo cha tano, ambacho Linux hukibeba katika rejista, kwenye Windows huwekwa kwenye staki.

Usikague jumla. Vigezo viwili vikibadilishana nafasi, jumla hubaki ileile na jaribio hufaulu. Fankisheni inayoitwa na ihifadhi kila kigezo peke yake, nawe uvilinganishe kimoja kimoja, ukitumia thamani kama 0x1122334455667788 ambayo kila baiti yake ni tofauti, ili thamani iliyokatwa au kusogezwa ijulikane kwa kuitazama tu. Ongeza pia -1 ya biti 8, kwa sababu makosa ya kupanua alama ya hasi, namba ndogo inapowekwa katika nafasi kubwa zaidi, hayaonekani kwa namba chanya ndogo.

Jibu linalorudishwa lina mtego wake, na nashuku kwamba ndio unaowasumbua watumiaji wako. Fankisheni ikirudisha namba kamili iliyo ndogo kuliko ffi_arg (aina ya libffi yenye ukubwa wa rejista), libffi huipanua, kwa hiyo ukiipa ffi_call, fankisheni ya libffi inayofanya mwito wenyewe, nafasi ya baiti moja kwenye mashine ya biti 64, itaandika baiti nane na kuharibu kilicho jirani. Zungushia nafasi ya jibu baiti za ulinzi, kwa mfano 0xA5 pande zote mbili, kisha uzikague baada ya kila mwito. Usitegemee AddressSanitizer, ukaguzi wa makosa ya kumbukumbu unaowekwa na kompaila, hapa, kwani uandishi huo hufanywa na msimbo wa asembli ambao kompaila haikuuwekea ukaguzi. Valgrind, zana inayokagua kumbukumbu programu inapoendeshwa, nayo itakusaidia iwapo nafasi hiyo ilitengwa kwa malloc, si ikiwa iko kwenye staki.

Strakti, yaani aina zinazounganisha thamani kadhaa pamoja, zinastahili faili lao. Kwenye Linux hiyohiyo, strakti ya baiti zisizozidi 16 hugawanywa katika vipande vya baiti nane, na kila kipande huamuliwa kivyake: yenye double na int64_t hutumia rejista za aina zote mbili, ilhali yenye int na float hubanwa katika rejista moja ya kawaida. Ikizidi baiti 16, strakti ya namna hiyo hupitia kwenye kumbukumbu. Jaribu ya baiti 3, ya 16 na ya 17, kama kigezo na kama jibu. Fankisheni zinazoitwa ziwe katika faili linalokusanywa peke yake, ikiwezekana kwa kompaila tofauti, na mwito uleule uandikwe pia kwa C ya kawaida ili uwe na jibu la kulinganishia.

Fankisheni zenye idadi ya vigezo isiyobainishwa, kama printf, zitayarishwe kwa ffi_prep_cif_var. Ukitumia ffi_prep_cif, ile ya fankisheni za kawaida, huenda Linux ikakuvumilia, lakini Mac zenye prosesa za ARM hutarajia vigezo hivyo vya ziada kwenye staki daima, na hapo ndipo namba za ajabu huanza kuchapishwa. Kumbuka kwamba float katika sehemu hiyo hupanuliwa kuwa double.

Kwa miito ya kurudi, yaani vielekezi vya fankisheni unavyovitengeneza kwa ffi_closure_alloc, ninajaribu mambo mawili tu: kuita kutoka uzi mwingine wa programu, na kuendesha kwenye mfumo unaokataza kumbukumbu inayoandikika na kutekelezeka kwa wakati mmoja. Yote haya yaendeshwe kwa -O0 (kompaila bila uboreshaji) na kwa -O2 (pamoja na uboreshaji), kwa kuwa staki iliyoharibika mara nyingi huvumilika katika kiwango kimoja na kuvunjika katika kingine. Prosesa usizokuwa nazo zitawezekana kupitia QEMU, programu inayoiga prosesa nyingine.