Nimesoma, Lakini Naambiwa Sijakamilika

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, ni mhasibu hapa Tanga mjini. Mwezi uliopita alifariki jirani yetu wa Ngamiani, akaacha mjane na watoto. Makaburini nilisimama pembeni na simu mkononi, kwani sikujua niseme nini wala nishike nini. Mjomba akaniambia mbele ya watu, "Umesoma, lakini hujakamilika." Tangu siku hiyo nimejiandikia mambo ya kujifunza: Kifaransa, gitaa, kuogelea, na vitabu 50 kwa mwaka. Nikiyamaliza, nitakuwa mtu kamili?*

Marahaba, mwanangu. Orodha yako nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja linalohusu msiba ule, nisilione. Mjomba amekupima makaburini, nawe unakwenda kumjibu kwa gitaa.

Alikosea kukusema hadharani, kwa kuwa anayemfunza mwenziwe adabu mbele ya kadamnasi naye ana lake linalompungukia. Hata hivyo, alichokiona kipo. Umeishi miaka mingi na hesabu ambazo mtu huzifanya peke yake na ambazo ama zimelingana au hazikulingana, ilhali makaburini hakuna cha kulinganisha: kuna beleshi linalopokezanwa, aliyechoka akimpa aliye karibu bila kuulizana elimu. Maneno hayakuhitajika zaidi ya "poleni".

Wala usiulaumu uhasibu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alikuwa karani wa forodha kuanzia 1926 hadi 1944, na ukarani haukumzuia kutunga mashairi na insha, wala kuandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Mtu haandiki maisha ya mwingine bila kumtazama kwa makini, na hapo ndipo ninapouona upana wake, kuliko katika wingi wa alivyoviandika.

Kuogelea jifunze, maana ni aibu kidogo kwa mtu wa Tanga kuiogopa bahari. Gitaa lishike ukilipenda, usipolipenda liache. Vitabu 50 vifute kabisa. Hapo umeigeuza nafsi yako daftari la mapato. Soma kimoja, na kikikupendeza ukirudie.

La haraka ni nyumba ile ya jirani. Baada ya matanga watu hutawanyika, zikabaki karatasi: hesabu ya michango, madeni ya marehemu, mafao, mirathi, mambo yanayowatoa jasho watu wasiozoea makaratasi na ambayo kwako ni kazi ya jioni mbili. Mjane yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi, kwa hiyo zungumza na wanawe barazani. Ukifika usianze na mafao. Kaa kwanza, unywe kahawa, uwaache wakuhadithie baba yao alikuwa mtu wa namna gani, na simu uiache nyumbani.