Nyumba imepoa, mbona tunaamka vichwa vizito?

MUULIZE BWANA AFYA

Shikamoo Bwana Afya. Tunakaa Shangani, Mtwara. Mwaka jana mume wangu alipata hela ya korosho akasema tuitengeneze nyumba, Luku isitumalize. Tumeweka karatasi ya kung'aa chini ya bati na dari ya jipsamu, tumetoa madirisha ya mbao tumeweka ya alumini, na yale matundu ya juu ya madirisha fundi ameyaziba kwa saruji ili baridi isitoke. Kiyoyozi ni kimoja, chumbani kwetu, kwa hiyo watoto watatu wamehamia humo humo. Usiku nakunja kanga naisokomeza chini ya mlango. Mbu wakizidi nawasha dawa ya kuchoma. Luku imepungua kweli. Lakini tunaamka vichwa vizito, mdogo wa miaka minne anakohoa usiku, na nyuma ya kabati kumeota madoa meusi. Baba yao anasema ni upepo wa kusi. Je, ni kweli?
Mama wa Watatu, Shangani

Marahaba mwanangu. Mwambie baba watoto kusi haina kosa. Mmeifungia nje, na ndiyo ingewasaidia.

Nianze na lililo jema. Hiyo karatasi chini ya bati na hiyo dari, msiziguse. Joto la nyumba zetu linashuka kutoka kwenye bati, na hapo mlipiga penyewe. Tatizo ni saruji, kanga na ile dawa ya mbu.

Watu wengi wanadhani kiyoyozi kinaleta hewa kutoka nje kwa sababu wanaona mabomba yamepita ukutani. Hakileti. Kile cha ukutani kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha humo humo. Yale mabomba yanabeba gesi ya kupozea na kutoa maji, basi. Sasa watu watano mmelala ndani ya chumba kisicho na tundu. Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi, ile tunayoitoa tukipumua, kama sehemu 420 katika milioni. Chumba kama chenu kikifungwa toka saa nne usiku mpaka alfajiri kinapita maelfu. Ndicho kichwa kizito hicho. Ukitoka barazani ukakaa kidogo kikapungua, ujue ni hewa.

Madoa meusi ni kuvu, na kuvu anataka maji tu. Mtu mzima akilala anatoa maji kwa pumzi na jasho, robo lita hivi kwa usiku, wakati mwingine zaidi. Ongeza watoto watatu. Ongeza taulo mbichi, maana najua imetundikwa mlangoni. Zamani unyevu huo ulikuwa unatoka nje kwa yale matundu ya juu. Leo unatua kwenye ukuta uliopozwa, hasa nyuma ya kabati ambako upepo haupiti. Na asubuhi ukizima kiyoyozi ukafungua mlango, hewa yetu ya pwani, nzito kama ilivyo, inakutana na ukuta wa baridi na kuutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani: wanaoishi humo hukohoa zaidi, hubanwa kifua zaidi, na pumu huwachachamaa.

Ile dawa ya kuchoma imenishtua kuliko yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wa dawa za namna hiyo zilizotengenezwa China na Malaysia, ukakuta koili moja inatoa vumbi laini la moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Dirisha likiwa wazi, sehemu kubwa inapotea. Kwako inaishia kwenye kifua cha huyo wa miaka minne. Iacheni leo, tungeni chandarua.

Nami nina deni katika jambo hili. Nilipokuwa bwana afya wa kata nilipita nyumba kwa nyumba nikihimiza watu wazibe uwazi kati ya ukuta na paa, kwa sababu mbu wa malaria wanapitia hapo. Bibi mmoja wa Mikindani akaniuliza, "Na moshi wangu utoke wapi, mwanangu?" Nikamwambia afungue mlango. Niliporudi nikakuta amebomoa udongo wote tuliokandika, na pale juu ameshonea vipande vya chandarua kikuukuu, kwa uzi wa nyavu za samaki, mshono mzuri kuliko wa cherehani. Sikuwa na la kusema. Siku hizi kuna nyumba 110 zilizojengwa katika vijiji 60 vya Mtwara, zinaitwa Star Homes, za ghorofa, kuta zake zimetiwa nyavu upepo upite na mbu abaki nje. Nikiziona namkumbuka bibi yule.

Basi fundi arudi na patasi. Afungue matundu ya pande mbili, upande wa kusi na wa pili yake, maana tundu la upande mmoja halipitishi upepo. Kila moja liwekwe wavu wa mbu. Kanga irudi kabatini, na kabati lenyewe livutwe shubiri moja kutoka ukutani. Kuvu ioshwe kwa sabuni na maji, ukuta ukauke kabisa ndipo mpake rangi. Ukipaka juu yake itatoka tena. Na chujio la kiyoyozi lioshwe kila mwezi. Utashangaa rangi ya maji.

Luku itapanda kidogo, sikufichi. Lakini feni ya dari inakula wati 60 hivi, kiyoyozi kidogo wati 700 na zaidi. Washeni kiyoyozi saa mbili za mwanzo, kisha feni na dirisha lenye wavu. Kuanzia Juni kusi ikivuma, hamkihitaji kabisa.

Mtoto apelekwe kituo cha afya wiki hii. Kama anakohoa wiki mbili sasa, waombe wampime na kifua kikuu. Usingoje fundi amalize.

Hukuuliza, lakini nasema: jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba hiyo, hata mvua inyeshe vipi, hata kama ni makaa mawili ya kufukizia udi. Monoksaidi ya kaboni haina harufu, na inaishika damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni inavyoishika. Watu hulala wasiamke.

Bwana Afya, tumepaka rangi chumba cha mtoto mchanga, harufu inauma macho. Mke anajifungua mwezi ujao. Tukifukiza ubani itaondoka?
Baba Mtarajiwa, Mtanda, Lindi

Haitaondoka, mtaongeza moshi juu ya harufu. Fungueni madirisha mchana kutwa, feni iwe inasukuma hewa nje, na godoro jipya nalo litolewe nailoni likae humo. Mwezi mmoja si haba. Harufu ikiwa bado ipo mtoto akifika, alale kwenu kwanza, chumba kitamsubiri.