Mke wangu ameacha vidonge vya sonona siku ya kumi

SWALI: Shikamoo daktari. Mke wangu ana miaka 34. Tangu mwezi wa tatu amekonda, anaamka saa tisa usiku halali tena, na duka lake amelifunga. Tulimpima malaria na taifodi mara nne, hana. Hospitali wakasema ni sonona, wakampa amitriptyline miligramu 25 kila usiku. Siku ya kumi kaziacha: mdomo unakauka, asubuhi yuko kama mlevi, na huzuni iko palepale. Je, dawa imemkataa? Au ni mawazo tu?

JIBU: Marahaba. Dawa haijamkataa, haijapewa muda. Dawa za sonona hutanguliza kero, nafuu ikafuata nyuma. Mdomo kukauka na usingizi mzito huja siku za mwanzo, halafu mara nyingi hupungua. Moyo wenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuchangamka, na nafuu kamili huweza kungoja wiki ya sita au zaidi. Tena 25 ni dozi ya kuanzia. Kwa kawaida daktari huipandisha polepole, wengi hufika 100 au zaidi. Huyu ameshuka garini kabla halijatoka stendi.

Mrudishe kwa aliyemwandikia, usimpandishie dozi mwenyewe. Asubuhi ikimwelemea, kumeza mapema, tuseme saa mbili usiku, husaidia. Ikishindikana ipo fluoxetine, inayomezwa asubuhi na haimlazi mtu hivyo. Taja dawa zote anazotumia, hata tramadol ya mgongo. Taja pia kama aliwahi kupitia siku za kuchangamka kupita kiasi, halali wala hachoki, pesa zinamwagika. Hapo matibabu hubadilika.

Mawazo tu? Mwenye mawazo ya kawaida mtoto akimchekesha, anacheka. Sonona hukaa wiki mbili na kuendelea, karibu kila siku, ikala usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kazi. Wengi hawasemi huzuni, husema kichwa, mgongo, mwili hauna nguvu, ndiyo maana mkazunguka na malaria. Mama lishe mmoja aliniambia alijijua anaumwa siku wateja waliporudisha maharage: alikuwa ameacha kuonja.

Kwa hiyo usimwambie ajikaze. Omba pia aonane na mshauri, maongezi yanatibu. Nyumbani anzeni na kidogo: afungue duka saa moja tu, nawe ukae naye. Akipona asiache vidonge, huendelea miezi 9 hadi 12, kisha daktari humpunguzia taratibu.

Kubwa kuliko yote: vidonge vikae kwako, umpe cha usiku huo tu. Amitriptyline nyingi kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Na leo hii muulize waziwazi, "Mama, unawaza kufa?" Swali hilo halimpandikizii wazo, wengi hushukuru kuulizwa. Akisema ndiyo, asibaki peke yake hata dakika moja, na mwende hospitali leo leo, iwe mchana au usiku.