Jibu: Wanasema katuni zangu zote sura moja

Kaka wa Shela nimekusoma, umeposti kurasa za katuni zako wenzio wakasema wahusika wote sura moja, manga tupu (ule mtindo wa katuni za Kijapani), ukavunjika moyo. Manga usiiache, ila nenda Lamu mjini ukakae pale Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, na kalamu isiyofutika uchore wazee wanaopiga soga, angalia mabega, mgongo, vile kofia imekaa, hapo ndo watu hutofautiana kabla hata ya macho (punda waache kwanza, miguu yao ni balaa). Na ukiomba maoni usiulize "mwaonaje", utaambiwa moto tu, uliza kitu kimoja: huyu nahodha amekasirika au ana usingizi? Nawe wajibu wenzio hivohivo. Pandisha picha ndogo zenye sahihi, faili kubwa baki nayo. Akija mtu ataka haki zote za kazi yako, usisaini kabla wakili hajausoma mkataba, na kazi yaweza kusajiliwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.