Antena ya FM: usirefushe waya, piga hesabu

Redio ikikwaruza, wengi hapa Tanga hukimbilia waya mrefu zaidi. Kosa linaanzia hapo. Antena ya FM ina urefu wake.

Mwaka 1865 mwanafizikia Maxwell alionesha kwa hesabu tupu kwamba umeme na sumaku husafiri pamoja kama mawimbi, kwa mwendo wa mwanga. Mwanafizikia mwenzake, Hertz, akayatoa mawimbi hayo Karlsruhe, Ujerumani, 1887 hadi 1888, kwa waya uliokatwa katikati, cheche zikiruka kwenye mwanya. Mwaka 1889 akachapisha hesabu zake: nguvu hutoka ubavuni mwa waya, nchani haitoki kitu. Mwaka 1897 mwanafizikia Pocklington akakokotoa mkondo wa umeme wenyewe ulivyo kwenye waya mwembamba. Kwenye waya wa nusu wimbi, yaani wenye urefu wa nusu ya wimbi moja, nchani ni sifuri, katikati ndiko uliko mwingi. Ukikata waya na kufunga kebo hapo katikati unakuta upinzani wa takriban omu 73, na kebo ya ungo ni omu 75. Zinapatana.

Sasa kata. Gawanya 143 kwa megahetsi za kituo, ile namba yake kwenye redio, jibu ni mita. Kwa 100 ni mita 1.43, yaani kila mkono, upande mmoja wa mkato, sentimita 71 na nusu. Nusu wimbi kamili ni mita 1.5, lakini waya halisi hupunguzwa kama asilimia 5 ili uitike sawasawa. Ukipotea sentimita mbili, redio haitajali. Ukiweka mita 3 na kukata katikati, upinzani unazidi omu elfu, na kinachoingia kwenye kebo ni kidogo mno.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kutandazia umeme nyumbani, unatosha. Tatizo ni kebo: wavu wa nje wa kebo nyingi za ungo ni alumini, haishiki risasi ya kulehemu. Tumia skrubu na washa, kile kipete bapa cha chuma. Alumini ikigusana na shaba kwenye hewa ya chumvi, kama kule Raskazone ufukweni, huliwa upesi: unakuta unga mweupe, sauti imekufa. Paka silikoni kiungo chote, pamoja na mdomo wa kebo, maana maji yakishaingia kwenye wavu hutembea ndani mita kadhaa na kebo hiyo haifai tena.

Pandisha antena angalau mita 1.5 juu ya bati. Ikilala karibu na bati, mkondo unaozaliwa kwenye bati huenda kinyume na wa waya na kuufuta. Ubavu uelekee kituo unachokitaka. Kituo kingine kikikuingilia, zungusha taratibu mpaka ncha ikielekee.